Kabla hujatuma pesa za kushikia nyumba Diani
Unajipanga kwenda Pwani mwaka ujao? Siku hizi wengi wanaenda kikundi: marafiki sita wanachanga kila mwezi, wanapanda SGR, wanavuka Likoni kwa feri (kwa miguu hulipi), halafu wanakodi nyumba Diani badala ya hoteli. Gharama inagawanyika, raha inabaki.

Shida iko kwa pesa za kushikia nyumba. Picha umeziona mtandaoni tu, na mwenyewe anakuharakisha: “Tuma sasa, kuna mwingine anaitaka.” Tulia. Mwombe till namba ya biashara. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama silo mlilokubaliana, usitume. Ukishatuma, omba zirudishwe papo hapo. Akizitoa kwa wakala, kuzipata ni kazi.