Unalipia mzigo Busia? Uliza zitafika shilingi ngapi

Busia ni mji mmoja wenye pesa mbili. Mayai, ndizi na mahindi yanaingia kutoka Uganda, bidhaa za dukani zinavuka kwenda huko. Hata neno bodaboda linatokana na vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani hapa. Siku hizi mzigo unaweza kuvuka huku wewe uko kibandani kwako, umelipa kwa simu. Hapo ndipo faida ya wengi hupotelea bila wao kujua.

Tuseme unanunua trei 50 za mayai, kila trei shilingi 10,000 za Uganda. Muuzaji anataka 500,000. Huduma ya kwanza inakuambia "kutuma ni bure", lakini inahesabu shilingi moja ya Kenya kwa 27 za Uganda. Utatoa kama 18,520. Ya pili inakata ada ya 200, ila inahesabu kwa 28. Utatoa kama 18,060, ada ikiwa ndani. Hiyo ya "bure" imekula 460 zaidi! (Bei hizi ni za mfano tu, zinabadilika kila siku.) Kama faida yako ni bob 30 kwa trei, jumla 1,500, karibu theluthi imeenda kabla hujauza yai hata moja.

Kwa hivyo usiulize ada peke yake. Kabla ya kuweka PIN, angalia kiasi kitakachofika upande wa pili. Ukienda kwa wabadilisha pesa wa barabarani, swali ni lilo hilo, na pesa uzihesabu palepale mbele yake.

Sasa namba. Hili ndilo linaumiza zaidi. Namba nyingi za Uganda zinaanza na 07 na zina tarakimu kumi, sawa kabisa na zetu. Muuzaji akikuandikia 07 kwenye karatasi, nawe ukaituma kama malipo ya kawaida ya hapa Kenya, pesa inaweza kumwendea mtu usiyemjua kabisa, labda yuko Nyeri au Malindi. Ihifadhi kwenye simu ikianza na +256, toa ile sifuri ya mwanzo, kisha chagua kutuma nje ya nchi. Jina lisilo la muuzaji likitokea, simama hapo hapo.

Umeshakosea? Omba kurudishiwa wakati huo huo, usingoje soko liishe. Aliyepokea akishazitoa, kuzipata ni kazi ngumu.

Kwa muuzaji mpya, tuma kidogo kwanza. Akupigie, ataje jina lililosajiliwa kwa laini yake na kiasi kilichoingia, ndipo utume zilizobaki. Utalipa ada mara mbili, ni kweli, lakini ni kwa mzigo wa kwanza tu.