Homa ya Bonde la Ufa na Ulinzi wa Miaka ya Kimya

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaowapata ng'ombe, kondoo na mbuzi, na kutoka kwao humfikia binadamu. Ulielezwa kitaalamu nchini Kenya mwaka 1931. Dalili yake kuu katika mifugo ni kutupa mimba kwa wingi na kufa kwa ndama na wanakondoo. Binadamu huambukizwa agusapo damu au viungo vya mnyama mgonjwa, hasa wakati wa kuchinja na kuzalisha, au aumwapo na mbu.

Mlipuko wa 2007

Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, ugonjwa huu ulizuka Ngorongoro mwezi Januari 2007, ukaenea katika mikoa 10 ya Tanzania. Hadi Juni, watu 511 walikuwa wameshukiwa kuugua, na 144 kati yao walikufa.

Mara nyingi mfugaji huona mimba zikitupwa kabla mgonjwa wa kwanza hajafika zahanati. Kwa hiyo taarifa za mifugo na za watu hazina budi kwenda pamoja. Kwa kufuata wazo hilo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walishiriki kuunda programu ya simu iitwayo AfyaData, ikajaribiwa Morogoro na Ngorongoro. Wanavijiji waliofunzwa waliitumia kutoa taarifa za magonjwa ya watu na ya wanyama.

Tatizo la kudumu

Mayai ya baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hubeba virusi hivi, nayo huweza kukaa miaka mingi katika udongo mkavu yakingojea mafuriko. Kabla ya mlipuko wa 2007, ule mkubwa uliotangulia katika Afrika Mashariki ulikuwa wa 1997–1998. Katika kipindi kirefu namna hiyo mtoa taarifa huhama, simu huharibika, na fedha za mradi huisha.

Mbinu inayongojea janga moja tu hufa kabla ya janga kurudi. Dawa yake ni kuipa kazi ya kila siku: kutoa taarifa za kimeta na kichaa cha mbwa vijijini, na za mifugo iletwayo minadani Karatu. Nayo ofisi ya wilaya haina budi kumjibu kila aletaye taarifa, kwani asiyejibiwa huacha kuuliza.

Maswali

1. Kwa nini mvua kubwa hutangulia ugonjwa huu?
2. Taja kazi mbili ambazo mtoa taarifa wa kijijini kwenu angeweza kufanya wakati hakuna mlipuko.