Wakili Kwanza, Malipo Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Wakili wa Kununua au Kuuza Nyumba

Kutoka Mtwapa hadi Malindi, na kutoka Mariakani hadi Magarini, ununuzi wa nyumba au ploti mara nyingi hufuata mpango uleule. Dalali humwonyesha mnunuzi mahali, bei hupatanwa, arubuni hutolewa siku hiyohiyo, kisha ndipo hutafutwa wakili wa kuandika makubaliano. Kwa mpango huo wakili huingia wakati pesa zimeshatoka. Akigundua kasoro, linalobaki ni kumfuata muuzaji ili arudishe kile alichopokea, na si kila muuzaji hupatikana.

Kwa familia nyingi, nyumba ni akiba ya miaka mingi, mkopo wa sako, au pesa zilizotumwa na mtoto anayefanya kazi ng'ambo. Somo la toleo hili linaeleza jinsi mkazi wa Kilifi anavyoweza kumchagua wakili anayefaa, na kwa nini uchaguzi huo unapaswa kufanyika kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa.

Kazi ya wakili ni ipi?

Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe sahihi na wahusika wote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Wengi hudhani kazi ya wakili inaishia kwenye karatasi hiyo. Kazi kubwa zaidi hutangulia: kuthibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, kwamba mali haina deni wala kesi, na kwamba sheria inaruhusu iuzwe.

Wakili huanza na upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, ambao wengi huuita "sachi". Upekuzi huonyesha jina la mwenye hati, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au pingamizi lililosajiliwa. Lakini yapo mambo ambayo karatasi ya upekuzi haiyasemi. Ikiwa mali ni ya mume na mke, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mwenzi akubali mauzo hayo. Ikiwa mwenye hati amefariki, warithi hawana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iwape kibali cha kusimamia mirathi na kibali hicho kithibitishwe. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, bodi ya udhibiti wa ardhi lazima iidhinishe mauzo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili.

Barua ya chifu au ushahidi wa mzee wa mtaa unaweza kusaidia kumtambua muuzaji na kujua majirani. Hauwezi kuchukua nafasi ya hatua hizo.

Je, ni wakili kweli?

Suti, ofisi na muhuri havimfanyi mtu kuwa wakili. Chini ya Sheria ya Mawakili, anayetoa huduma hiyo lazima awe ameapishwa, jina lake liwe katika orodha ya mawakili, na awe na cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Cheti huhuishwa kila mwaka. Mtu aliyekuwa na cheti mwaka jana huenda mwaka huu hana, au amesimamishwa kwa sababu za nidhamu.

Kuhakikisha ni rahisi. Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina ukurasa kwenye tovuti yake ambapo mtu yeyote huandika jina la wakili na kuona kama ana kibali cha kuhudumu wakati huo. Asiye na intaneti anaweza kuomba msaada wa kijana wa nyumbani au mhudumu wa saiba. Jina litafutwe kama lilivyoandikwa kwenye cheti, na mkazi ajue kwamba makarani wa ofisi ya wakili si mawakili, hata kama ndio wanaompokea kila siku.

Sheria hiyohiyo inamkataza asiye wakili kutayarisha hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Kwa hiyo dalali anayejitolea "kumaliza kila kitu mwenyewe" ili kupunguza gharama anaahidi kazi ambayo haruhusiwi kuifanya.

Wakili wa nani?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Dalali au muuzaji husema, "Wakili yupo, njoo tu utie sahihi." Wakili huyo huenda ni mtu mwaminifu na mwenye cheti halali. Hata hivyo, aliyemwajiri ni muuzaji, na jukumu lake ni kulinda maslahi ya muuzaji.

Mnunuzi na muuzaji wakitumia wakili mmoja, wanaokoa ada ya wakili wa pili. Mambo yakienda sawa, hakuna atakayeona tofauti. Yakiharibika, kwa mfano mnunuzi akichelewesha salio au muuzaji akipata bei kubwa zaidi kwingine, wakili huyo hawezi kumshauri mmoja bila kumuumiza mwingine, na mara nyingi hulazimika kuwaacha wote wawili. Kwa mali ya thamani ya nyumba, kila upande uwe na wakili wake. Mnunuzi amtafute mwenyewe, asiletewe na dalali, kwa kuwa dalali hulipwa mauzo yakikamilika, si yakisimamishwa.

Faida ya wakili wa karibu

Hakuna sheria inayomzuia mkazi wa Kilifi kumtumia wakili wa Nairobi. Lakini ardhi ya pwani ina historia yake, na wakili aliyeizoea huuliza maswali ambayo mgeni huenda asiyafikirie.

La kwanza ni nyumba bila ardhi. Katika miji ya pwani zipo nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, na hulipa kodi ya ardhi kwa mmiliki wake. Mtu anaweza kununua nyumba ya mawe yenye vyumba sita na kumbe amenunua kuta na paa tu. Mauzo ya namna hiyo yanaweza kuwa halali, ila bei na mkataba vinapaswa kulingana na kile kinachouzwa.

La pili ni ardhi ya mipango ya makazi. Familia nyingi za kaunti hii zilipata mashamba kupitia mipango ya serikali, na baadhi ya mashamba hayo bado yana deni la serikali. Deni hilo lazima limalizwe na hati iondolewe kizuizi kabla ya uhamisho.

La tatu ni mahali jalada lilipo. Baadhi ya hati za pwani, hasa zenye namba inayotanguliwa na herufi CR, majalada yake yamewekwa kwa miaka mingi Mombasa wala si Kilifi. Wakili anayejua hilo hatapoteza majuma akitafuta pasipo.

La nne ni asili ya hati. Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni huko Nyali. Kampuni hiyo ilikuwa na hati na ilikuwa imekinunua kutoka kwa mmiliki aliyetangulia. Mahakama iliona kwamba ugavi wa mwanzo wa ardhi hiyo, uliofanywa mwaka 1989, haukufuata sheria, hivyo hati iliyofuata haikuweza kumlinda mnunuzi. Funzo lake ni kwamba kutazama hati ya sasa pekee hakutoshi. Wakili mzuri hurudi nyuma kuuliza ardhi ilitoka wapi, hasa karibu na ufuo, barabara, shule au uwanja wa umma. Pia humshauri mnunuzi amlipe mpimaji ardhi ahakikishe mawe ya mipaka yako mahali pake.

Gharama zijulikane mapema

Ada za mawakili katika mauzo ya ardhi huongozwa na kanuni za malipo ya mawakili za 2014, zinazoweka kiwango cha chini kulingana na thamani ya mali. Wakili hatakiwi kutoza chini ya hapo, na anayetoa bei ya kutupa anapaswa kumtia mteja shaka. Mkazi aombe makadirio kwa maandishi, yakitenganisha ada ya wakili, kodi ya VAT, na malipo ya serikali.

Chukua mfano wa nyumba inayouzwa kwa shilingi 2,000,000. Ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 ndani ya manispaa, yaani shilingi 80,000, au asilimia 2 nje yake, yaani shilingi 40,000. Hesabu hufuata thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakumwokoi mtu.

Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida.  Kuna misamaha, kwa mfano nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Muuzaji asiye na wakili anaweza kulipa kodi asiyodaiwa, au kuidharau anayodaiwa. Vilevile atahitaji cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya kaunti, maarufu kama reti. Malimbikizo yalipwe mapema, maana mauzo mengi hukwama hapo.

Pesa zipite wapi?

Kwa desturi, arubuni ni asilimia 10 ya bei, nayo huwekwa kwa wakili wa muuzaji azishike mpaka mauzo yakamilike, na salio hutolewa dhidi ya hati kamili au ahadi rasmi ya wakili. Kanuni za hesabu za mawakili zinataka pesa za wateja ziwekwe katika akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi. Malipo yapitie benki, kila malipo yawe na risiti, na pesa za nyumba zisitumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Mnunuzi akumbuke pia kwamba hawi mmiliki siku ya kutia sahihi. Anakuwa mmiliki uhamisho unaposajiliwa kwa jina lake.

Wakili akikosea

Wakili akishika pesa za mteja, akikataa kutoa hati au akinyamaza bila sababu, mteja ana haki ya kulalamika kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huduma hiyo ni ya bure. Mashtaka ya nidhamu husikizwa na Jopo la Nidhamu la Mawakili, ambalo linaweza kumtoza wakili faini, kumsimamisha au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha. Mlalamishi atahitaji ushahidi, kwa hiyo risiti, barua na ujumbe wa simu vihifadhiwe.

Maswali ya kumuuliza wakili siku ya kwanza

1. Je, cheti chako cha mwaka huu kipo, na ni wewe mwenyewe utakayeshughulikia faili langu?
2. Je, unamwakilisha pia muuzaji, au umewahi kumfanyia kazi dalali huyu?
3. Zaidi ya sachi, utachunguza nini kuhusu ardhi hii na ilikotoka?
4. Ni idhini zipi zinahitajika: ya mwenzi, ya mahakama, au ya bodi ya ardhi?
5. Gharama yote ni kiasi gani, na italipwa kwa hatua zipi?
6. Mauzo yakivunjika, arubuni itarudi vipi na baada ya muda gani?

Wakili anayefaa atayajibu maswali haya kwa utulivu na kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Anayekasirishwa nayo, au anayemharakisha mteja atie sahihi kwa sababu "kuna mtu mwingine anaitaka ploti", ni heri aachwe mapema. Kuzungumza naye saa moja ni gharama ndogo kuliko kesi ya ardhi ya miaka kumi.