SOMO: VPN IMESHIKA, LAKINI VITABU HAVIFUNGUKI



Katika somo hili tutaangalia shida moja tu. Ni ile inayowasumbua makatibu na waweka hazina ambao vitabu vyao vya mikopo vimewekwa kwenye kompyuta ya ofisi kule mjini. Katibu yuko hapa Kisegi. Anawasha VPN, inaandika kwamba imeunganishwa, halafu kila anachobonyeza hakifunguki. Anazima, anawasha tena, ananunua bando lingine. Wapi! Mwishowe anapanda boda boda kutafuta gari la Homa Bay, na nauli inatoka kwenye sanduku la kikundi. Mama aliyeomba mkopo wa karo anaambiwa arudi wiki ijayo. Kibaya zaidi, wanachama wanaanza kunong'onezana kwamba katibu anaficha hesabu.

Mara nyingi katibu huyo hana hatia yoyote. Shida ni namba za ruta.

Kwanza, VPN ni kitu gani? Wengi walilisikia jina hili kwa njia ya kukwepa. Mwezi wa Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za huko kila siku kwa mtu anayetumia WhatsApp au Facebook, na watu wakakimbilia VPN ili wasilipe. Hapa kwetu Kenya ilikuwa vivyo hivyo Novemba 2023, Telegram ilipokwama wakati wa mtihani wa KCSE. Lakini kazi yake ya asili ni nyingine. Fikirieni bomba la maji linalotoka kwenye chemchemi na kupita katika mashamba ya watu mpaka kwenye tangi lenu. Linapita kwa wengine, lakini hakuna anayechota njiani. VPN inapitisha habari za kikundi kwenye intaneti ya watu wote, zikiwa zimefungwa kutoka kompyuta yenu mpaka ofisini.

Sasa tuje kwenye namba. Kila kompyuta na kila simu iliyo kwenye waifai inapewa namba, na anayegawa namba hizo ni ruta. Mwaka 1996 yalitengwa rasmi mafungu matatu ya namba za kutumia ndani ya nyumba na ofisi: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana zinajirudia kila mahali. Viwanda vingi huuza ruta ikiwa tayari imepewa namba 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta yenu imetoka dukani, na ya ofisi nayo imetoka dukani.

Chukueni mfano wa Otieno. Huku kwetu aliyezaliwa usiku ni Otieno, basi akina Otieno ni wengi. Ukimtuma mtoto, "Mpelekee Otieno barua hii," na kuna Otieno hapo hapo bomani, mtoto atampa huyo. Hatapanda gari kumtafuta Otieno wa mjini. Kompyuta nayo hufanya hivyo. Ikiwa vitabu viko kwenye 192.168.1.20 kule ofisini, na nyumbani kwenu namba zinaanza na 192.168.1, kompyuta inamtafuta 20 humo humo nyumbani. Bomba liko wazi, lakini barua haingii ndani yake.

Kabla ya kugusa ruta, fanyeni jaribio hili. Zimeni waifai ya ruta, muunganishe kompyuta kwa hotspoti ya simu, kisha muwashe VPN. Simu kwa kawaida hugawa namba tofauti na za ruta. Kama vitabu vinafunguka kwa simu na vinakataa kwa ruta, basi yaelekea ni namba. Kama vinakataa pande zote mbili, msiguse ruta yenu. Pigeni simu ofisini.

Ili kuiona namba yenyewe kwenye kompyuta ya Windows, rudini kwenye waifai ya ruta, mzime VPN, mtafute neno cmd na kulifungua. Andikeni ipconfig, halafu mbonyeze Enter. Tafuteni mstari wenye maneno Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo ya ruta yenu. Kisha mwulizeni fundi wa ofisi: "Mtandao wenu wa ndani unaanza na namba gani?" Mkiona sehemu tatu za kwanza zinafanana na zenu, mmempata mkorofi.

Dawa yake ni kubadilisha namba za nyumbani. Fungueni programu ya intaneti na, pale pa kuandika anwani, andikeni namba ya ruta. Itauliza jina na neno la siri. Haya mara nyingi yamebandikwa chini ya ruta yenyewe, na siyo lazima yafanane na yale ya waifai. Mkiisha kuingia, pigeni picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadilisha chochote. Halafu tafuteni mahali palipoandikwa LAN. Pale penye 192.168.1.1, wekeni kwa mfano 192.168.57.1. Hiyo sehemu ya tatu chagueni wenyewe, chini ya 255, ila epukeni 0, 1, 8 na 100 kwa sababu viwanda vimezipenda mno. Msikimbilie fungu la 10, maana ofisi kubwa na kampuni za simu hulitumia sana. Pale penye 255.255.255.0, acheni palivyo.

Karibu na hapo kuna DHCP, ndiyo sehemu ya kugawa namba. Ruta nyingine hujirekebisha yenyewe, nyingine haifanyi hivyo. Hakikisheni inagawa kutoka 192.168.57.100 mpaka 192.168.57.199, kisha bonyezeni Save.

Hapo mtandao utakatika, na hapo ndipo watu huingiwa na hofu na kusema mashine imeharibika. Haijaharibika! Imehama nyumba. Subirini dakika chache, unganisheni waifai upya, na mkitaka kurudi ndani ya ruta andikeni namba mpya. Kama kuna printa iliyopewa namba ya kudumu, nayo ibadilishiwe. Kisha washeni VPN mjaribu vitabu.

Kuna jambo ambalo nawaomba mliseme ofisini bila woga. Ofisi inayohudumia vikundi ishirini na bado inatumia 192.168.1 inavitaka vikundi ishirini vihangaike, wakati ingeweza kuhama yenyewe mara moja tu. Ni kazi zaidi kwa fundi wao, hilo ni kweli. Lakini nauli za makatibu nazo zina mwenyewe.

Neno la siri la ruta nalo ni mali ya kikundi. Mara nyingi kijana mmoja ndiye anayejua mambo haya, naye anabaki nalo peke yake kichwani. Akipata kazi Nairobi, kikundi kinabaki na sanduku lenye taa tu. Mkisha kubadilisha, andikeni namba mpya na neno la siri kwenye karatasi, mwitie bahasha, na bahasha ikae pamoja na vitabu vya benki. Katika kumbukumbu za mkutano iandikwe nani aliyebadilisha na tarehe gani, lakini neno la siri lenyewe lisisomwe mkutanoni.

Msiweke pia VPN yoyote ya bure mliyoikuta kwenye simu mkidhani ni ile ile. Ya bure haiwafikishi kwenye vitabu vyenu. Inawapeleka kwa mtu msiyemjua, naye ndiye anayeshika mwisho wa bomba. Tumieni ile mliyopewa na ofisi. Na wale wanaovuka Isebania kwenda Sirari wakiwa na kompyuta ya kikundi wajue kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN huko kujisajili.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Ruta yetu inaanza na namba gani, na ya ofisi je? Nani kati yetu, mbali na katibu, anaweza kuingia ndani yake leo? Mwaka huu tumetoa nauli ngapi kwa safari za kwenda kuona vitabu tu, na nani atapeleka hesabu hiyo ofisini?