Usiache Tembe kwa Sababu Umepata Nafuu

"Daktari, uvimbe wa tumboni umekwisha na damu imerudi sawa. Tembe hizi nameza za nini tena?"

Swali hili niliulizwa na mgonjwa wa hapa Kyumbi. Anaugua lukemia sugu ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani ya damu, na hutumia dawa iitwayo imatinibu. Jibu lake, msomaji, linapatikana katika kichupa cha maabara.

Ndani ya seli zetu mna vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kazi yake ni kutwaa fosfeti kutoka kwa ATP, ile kemikali inayobeba nguvu za seli, na kuipachika kwenye protini. Protini ikishapachikwa huamka ikaanza kazi, au hulala. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliogundua utaratibu huu, walitunukiwa Nobel mwaka 1992.

Je, bidii ya kinasi hupimwaje? Kwa chambo! Protini ni mnyororo mrefu, lakini kinasi hutafuta sehemu fupi tu. Basi wataalamu huunda kipande kinachofanana na sehemu hiyo. Mwaka 1977 Bruce Kemp, Krebs na wenzao walieleza kipande cha asidi amino 7 tu, ambacho leo huitwa kemptaidi. Chambo huchanganywa na kinasi pamoja na ATP yenye fosforasi ya mnururisho. Baada ya dakika chache, tone la mchanganyiko hutiwa kwenye karatasi inayonasa chambo, ATP iliyosalia ikaoshwa, kisha mnururisho ukahesabiwa. Hesabu ikiwa kubwa, kinasi ilichapa kazi.

Kila kinasi ina chambo chake. Ya lukemia hii ni BCR-ABL, ambayo hutokea kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Hii hailali kamwe, na seli nyeupe huongezeka ovyo. Ukiweka imatinibu kichupani, hesabu huanguka, kwani dawa hukalia mahali pa ATP. Lakini haikuiua kinasi. Dawa ikiondoka, chambo hupachikwa tena kama kwanza.

Ni kama askari wa trafiki katika njia panda yetu ya Kyumbi. Malori ya Mombasa husimama akiinua mkono. Hebu aende kunywa chai uone!

Usiende kliniki kuomba kipimo cha chambo. Hicho ni cha watafiti. Wewe utapimwa kiasi cha jeni ya BCR-ABL katika damu. Wapo wagonjwa ambao, baada ya miaka ya matokeo mazuri sana, huachishwa dawa na daktari huku wakipimwa mara kwa mara. Kuacha kimyakimya ni jambo jingine kabisa.

Meza tembe pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Macho yakivimba, misuli ikikaza au ukitapika, mwone daktari kabla ya kuziacha. Mwambie pia ikiwa unatumia mitishamba, au unatarajia kupata mimba. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja kesho yake.