SOMO LA FAMILIA: UPENDO KANDO YA KITANDA CHA MGONJWA

Somo: Yohana 19:25-27

Yesu akiwa msalabani, katika maumivu makali, alimkumbuka mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi wake. Tunajifunza kwamba upendo una maneno, tena una mpango.

Sisi hapa kambini, gari la wagonjwa linapomchukua mama usiku, tunahangaika kutafuta kanga, sufuria na nauli. Ni vema. Lakini wengi wetu tumemsindikiza mgonjwa kimya, tukabaki na majuto msibani.

Basi tufanye haya:

1. Tumshike mkono, wauguzi wakiruhusu, tumwambie: "Mama, tunakupenda." Hata asipojibu tuseme, huenda anasikia.

2. Tumweleze nani atabaki na watoto na nani atapokea posho siku ya mgao. Mwenye hofu juu ya watoto hapumziki.

3. Kama tulikosana, tuombane msamaha kabla gari halijaondoka.

4. Watoto tuwaambie ukweli kwa upole.

Swali la kujadili nyumbani: Ni nani kati yetu hajasikia neno la upendo kutoka kwetu? Tusingoje augue. Bwana atusaidie. Amina.