Thamani ya Historia na Masomo ya Sanaa: Ushahidi wa Maneno Mawili kutoka Mara

Ikisiri

Makala haya yanajadili thamani ya historia na masomo ya sanaa kwa kuchunguza maneno mawili: mtemi, kama litumikavyo Bunda, na bepari, kama lilivyotumiwa na mfasiri aliyezaliwa Butiama. Tunadai kwamba faida kuu ya masomo haya ni uwezo wa kupima ushahidi.

1.0 Utangulizi

Mara kwa mara huulizwa masomo ya sanaa yana faida gani katika nchi inayohitaji wahandisi na madaktari. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, umewalenga wanafunzi wa sayansi. Na chuo kikuu chenye jina la Mwalimu Nyerere huko Butiama ni cha kilimo na teknolojia. Hatupingi umuhimu wa fani hizo. Tunachokipinga ni dhana kwamba sanaa ni pambo. Jibu lililozoeleka, yaani kwamba historia hujenga uzalendo, halitoshi, kwani uzalendo waweza kujengwa hata kwa historia ya uongo.

2.0 Mtemi

Masimulizi ya Waikizu wa Bunda humtaja Muriho kuwa mwasisi wao, na Nyakinywa kuwa mwanamke mwenye utaalamu wa mvua aliyetoka Kanadi, upande wa Usukumani. Wenyeji wenyewe wameandika historia zao, na baadhi ya maandishi ya Mara Kusini yalihaririwa na Jan Bender Shetler katika kitabu cha mwaka 2003.

Msomaji asiye na mafunzo huona njia mbili tu: kuyaamini yote, au kuyakataa yote kuwa ni ngano. Mwanaisimu anayo njia ya tatu. Cheo cha mtawala wa mvua wa Waikizu, mtemi, kinajulikana pia kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Kwa kuwa lugha hizi zote ni za Kibantu, sharti kwanza tuulize: je, neno limerithiwa au limekopwa? Likiwa limekopwa, linaunga mkono masimulizi kuhusu uhusiano na Usukumani. Hata hivyo, halithibitishi kwamba Nyakinywa aliishi, wala halitupi mwaka. Neno laweza kusafiri bila mtawala. Kujua ushahidi unaishia wapi ni sehemu ya elimu yenyewe.

3.0 Bepari

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 katika kabila la Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kati ya 1949 na 1952 alisoma Edinburgh, ambako masomo yake yalijumuisha historia, uchumi na falsafa ya maadili. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969 aliirekebisha kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi.

Anwani hii ya pili imezua mjadala. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliandika wingi, tena kwa neno ambalo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilimaanisha mnyonyaji mwenye mtaji. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mfasiri aliipotosha tamthilia kwa siasa. Lakini historia ya neno inatutaka tusiharakishe: bepari lina asili ya lugha za Bara Hindi, na maana yake ya awali ilikuwa mfanyabiashara. Kwa hiyo neno hilo lilibeba maana mbili, ya kale iliyo karibu na matini chasili, na mpya iliyo ya siasa za wakati ule. Wingi wake bado unadai maelezo. Huenda unamhukumu Shailoki pamoja na Antonio. Anayeijua siasa pekee ataiona maana moja tu. Anayeijua etimolojia pekee hataelewa kwa nini neno lilichoma.

4.0 Hitimisho

Katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Likifundishwa kama orodha ya majina ya kukariri, litawathibitisha wanaosema sanaa haina kazi. Tunapendekeza wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama wakusanye istilahi za utawala, mifugo na mvua katika Kizanaki, Kijita, Kiikizu na Kijaluo, wazilinganishe, kisha waulizwe: umejuaje? Swali hilo linamfaa mwanahistoria, na linamfaa vilevile bwana shamba atakayesomea Butiama.